UZI: Sanamu za watakatifu za kale kutoka Ulaya. Kabla hujatoa hela, geuza uone mgongo

FundiPatasi (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

PM yangu imejaa picha. Mmoja yuko Ujerumani, mwingine Italia, mwingine yuko hapa hapa Ubelgiji. Kapita gulioni, kakutana na Bikira Maria wa mbao, muuzaji kamwambia ni wa miaka 500, naye ananiuliza: "Mkuu, nichukue?" Picha zote zimepigwa kwa mbele. Uso mzuri, vidole vyembamba, dhahabu kidogo kwenye pindo la joho. Kwa mbele peke yake hata mimi ninayeshinda na vitu hivi siwezi kukujibu. Ndiyo maana naanzisha uzi mmoja tuyamalize humu.

Ninafanya kazi kwenye karakana ya kukarabati vitu vya mbao, Brussels. Sinunui wala siuzi, kwa hiyo msije kuniulizia mzigo.

Tuanze na mgongo. Sanamu ya karne ya 15 au 16 iliyochongwa ikae altareni au iegemee ukuta haikumalizwa nyuma. Gogo lilichimbwa mgongoni likabaki kama mtumbwi uliosimamishwa. Haikuwa uvivu. Moyo wa mti ukiachwa ndani, mbao ikikauka inapasuka kutoka katikati kwenda nje, na ufa ukifika usoni kazi yote imeharibika. Ukiutoa moyo, gogo linakauka kwa amani. Ndani ya uwazi huo utafute makovu ya tezo na patasi: mengine marefu, mengine mafupi, hayalingani. Ukikuta mistari ya upinde iliyopangana sawasawa, huo ni msumeno wa duara wa mashine, na hapo hesabu karne ya 19 kuja huku.

Halafu panda utosini. Fundi aliilaza sanamu kwenye benchi, akaibana kwa chuma kichwani na chini ili aweze kuizungusha anapochonga. Lile tundu la utosini liliachwa, likazibwa kwa kipande cha mbao. Mara nyingi kizibo bado kipo ukikitafuta chini ya rangi.

Mbao nayo ina kwao. Ubelgiji na Uholanzi wa zamani utakutana sana na mwaloni. Kusini mwa Ujerumani ni lindeni, mbao laini isiyobishana na patasi, ndiyo waliyoitumia Tilman Riemenschneider wa Würzburg na Veit Stoss wa Nuremberg. Ufaransa na Italia utaona walnati kwa wingi. Muuzaji akikwambia "Riemenschneider" na mbao ni mwaloni, muulize maswali.

Alama za mji nitaziweka kwenye bandiko linalofuata, ngoja nipate chai.

Nyangumi254

Boss, hiyo chai ikunywe haraka. Mimi niko Stuttgart, kuna mzee anauza Mtakatifu Barbara na mnara wake, ako na matundu ya wadudu mwili mzima. Anasema hayo matundu ndiyo proof ya umri.

FundiPatasi

Nyangumi254, huyo mzee hayuko peke yake. Wauzaji wanapenda sana kukuonyesha matundu. Nitafika hapo, lakini kwanza alama, maana ndizo zinazonifurahisha mwenyewe.

Miji ya Brabant (eneo la zamani ambalo leo liko Ubelgiji na Uholanzi) ilikuwa ikiuza altare za mbao kama bidhaa. Antwerp ilikuwa na soko lake la sanaa karibu na kanisa kuu tangu mwaka 1460, mteja wa Hispania au wa Sweden anakuja, anachagua, inafungwa, inapanda meli. Biashara ikiwa kubwa hivyo lazima walaghai waingie, basi kuanzia miaka ya 1470 chama cha mafundi kikaweka kanuni za kupiga chapa. Antwerp walichoma alama ya mkono kwenye mbao iliyokaguliwa, na ngome yenye mikono miwili juu yake kwa kazi iliyokamilika na rangi yake. (Mkono unatokana na hekaya ya mji: jitu liitwalo Antigoon lilikuwa likikata mikono ya mabaharia waliogoma kulipa ushuru, mpaka Brabo akaukata mkono wake na kuutupa mtoni.) Brussels walipiga nyundo ya mbao kwa kazi ya uchongaji, bikari na randa kwa kazi ya useremala. Mechelen walipiga ngao yenye milia mitatu iliyosimama.

Hao wa Mechelen ndio mtakaokutana nao zaidi kwa sababu vitu vyao ni vidogo. Walichonga visanamu vya watakatifu wa kike vya kama sentimita 35, uso wa mviringo kama wa mtoto, macho ya kusinzia, midomo midogo, sana sana kati ya mwaka 1500 na 1540 hivi. Wafaransa wanaviita wanasesere wa Malines, yaani Mechelen kwa Kifaransa. Vilitengenezwa kwa watawa na kwa nyumba za watu, vikisimama kwenye kikabati kilichojaa maua ya hariri. Chapa ya milia mitatu hupigwa nyuma, na herufi M, chapa ya wapaka rangi, huwa mbele. Sasa uone utamu wake: mtu anayeghushi anahangaika na uso. Akikumbuka chapa, anaipiga mahali panapoonekana vizuri, safi, imejaa. Zile za kweli nilizozishika zimekandamizwa upande mmoja, nusu imefifia, unahitaji tochi ya kumulika kwa pembeni.

Kukosekana kwa chapa hakumaanishi ni feki. Kazi nyingi halali hazina, na nyingine zilikatwa msingi uliooza, chapa ikaenda na kuni.

Mlokole_Mnyenyekevu

Ndugu mleta uzi, kwa heshima zote, hivi ni vinyago. Kutoka 20 iko wazi. Watu wenye akili zao mnatoa maelfu ya euro kununua sanamu ya kukaa sebuleni?

FundiPatasi

Mlokole_Mnyenyekevu, amani kwako ndugu. Hoja yako ina historia ndefu kuliko unavyodhani, na ndiyo inayoeleza bei. Mwezi Agosti 1566 Wakalvini (Waprotestanti wafuasi wa Calvin) wa Flanders walianza kuvunja sanamu makanisani. Tarehe 20 mwezi huo huo wakaingia kanisa kuu la Antwerp, usiku mmoja likabaki tupu. Uingereza walishatangulia: chini ya Mfalme Edward VI sanamu ziliamriwa kuondolewa, na zile kazi za alabasta (jiwe laini jeupe) za Nottingham ambazo hazikuvunjwa zikauzwa ng'ambo. Ndiyo sababu leo alabasta nyingi nzuri za Kiingereza ziko Ufaransa, Hispania na hata Iceland.

Wimbi la pili halikuwa la dini. Novemba 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yalitaifisha mali ya Kanisa, na Ubelgiji ilipochukuliwa na Wafaransa mwaka 1795, abasia zikafungwa na kuuzwa pamoja na vilivyomo. Hapo ndipo watakatifu walipoanza kuingia sebuleni kwa watu. Wengi wanaokusanya leo wala hawasali mbele yake, wengine hata si Wakristo. Wanakusanya mkono wa fundi.

Mwana-Kivu

Bandugu, mimi niko hapa Bruxelles, Matonge. Kila asubuhi kule Jeu de Balle kuna soko, vitu viko chini kwenye mawe. Na kule Sablon Jumamosi na Jumapili, lakini kule bei ni ya matajiri. Fundi, ile hadithi ya wadudu uliahidi.

FundiPatasi

Haya, wadudu.

Mdudu wa samani anataga kwenye ufa, kiluwiluwi kinaingia na kula ndani kwa ndani miaka kadhaa, kisha anatoboa kutoka akiwa mdudu kamili. Tundu la kutokea ni duara, milimita 1 hadi 2. Yaani usoni unaona MDOMO wa njia, huoni njia yenyewe. Ukiona njia zimefunuka zikawa mifereji inayokatiza shavu au mikunjo ya joho, jiulize kwa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba mbao ililiwa kwanza ikachongwa baadaye. Mtu kachukua boriti ya nyumba kuukuu, kamchonga mtakatifu, patasi ikafunua njia. Umri wa mbao ni wa kweli, umri wa mtakatifu ni wa juzi. (Angalizo: sanamu iliyokwanguliwa rangi kwa ukali inaweza kuonyesha mifereji hiyo pia, kwa hiyo angalia kama kuna mabaki ya chokaa iliyopakwa chini ya rangi kwenye makunjo ya ndani.)

Wengine wanatoboa kwa drili. Chukua sindano nyembamba. Tundu la drili sindano inazama moja kwa moja, la mdudu linakata kona na sindano inakwama.

Na usifikiri wadudu ni wa kuumbua feki tu. Mwaka 2019, mji wa Compiègne huko Ufaransa, mwanamke mzee alikuwa anahama nyumba. Jikoni kwake, juu ya jiko, kulikuwa na kipicha cha mbao cha kama sentimita 25 kwa 20, Kristo akidhihakiwa na umati. Familia ilidhani ni ikoni ya kawaida tu. Mpiga mnada alipokiona akakipeleka kwa wataalamu wa Paris, wakasema ni Cimabue, mchoraji wa Florence wa karne ya 13. Walijuaje? Mtindo, ndiyo. Pambo la vitone kwenye dhahabu, ndiyo. Lakini kulikuwa pia na vipande viwili vinavyojulikana vya kazi hiyo hiyo, kimoja National Gallery London na kingine Frick Collection New York, na njia za wadudu zilionyesha kwamba zamani vilikuwa ubao mmoja. Mdudu alikula akipita kutoka picha moja kwenda nyingine kabla watu hawajaukata vipande. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo kikauzwa mnadani Senlis kwa euro milioni 24. Serikali ya Ufaransa ikazuia kisitoke nchini, na mwaka 2023 kikaingia Louvre.

Nyangumi254, kwa hiyo mwambie mzee akuonyeshe matundu YALIPO. Mdudu hupenda sehemu ya nje ya mti, karibu na gome, yenye utamu. Matundu yaliyotawanywa sawasawa mwili mzima, hata kwenye moyo wa mbao ngumu, yanatia shaka.

Sakristia

Tumsifu Yesu Kristo. Mkuu FundiPatasi, parokiani kwetu, moja ya zile za zamani za Wamisionari, tuna Mtakatifu Yosefu mkubwa, kavunjika vidole, na Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kuna mtu kaja akisema ni za thamani sana Ulaya, atatupa sanamu mpya za fiberglasi kwa kubadilishana. Baadhi ya wazee wa kanisa wameanza kukubali.

FundiPatasi

Milele na milele, amina. Sakristia, piga kucha polepole sehemu iliyovunjika. Ikitoka unga mweupe ni plasta. Sanamu za namna hiyo zilimwagwa kwenye kalibu kwa maelfu karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, maduka yake mengi yakiwa mtaa wa Saint-Sulpice, Paris, ndiyo maana mtindo wote unaitwa kwa jina hilo. Wamisionari walibeba hizo kila walikokwenda. Ulaya kwenyewe hazina bei kubwa, ukizunguka masoko utazikuta zimewekwa karibu na masufuria.

Ila hapo hapo nikuulize: kama hazina bei, mbona kajitolea kubadilisha? Huenda anataka kitu kingine kilichomo sakristia: kalisi, monstransi (chombo cha kuonyeshea Ekaristi), kihifadhi masalia (chombo cha mabaki ya watakatifu), msalaba wa maandamano. Orodhesheni vyote, mpige picha pande zote, nyuma na chini. Na wazee wasikubali chochote bila paroko na jimbo. Sheria za Kanoni, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu, na sanamu zinazoheshimiwa sana na waamini haziwezi kuhamishwa umiliki bila ruhusa ya Kiti cha Kitume, yaani Roma. Huyo bwana kama ni mtu mwema atasubiri barua ya askofu.

bibi_wa_Marangu

Mwanangu FundiPatasi, uzi mzuri. Lakini mbona unawaamini sana hao wataalamu? Nao si wanadanganywa?

FundiPatasi

Shikamoo bibi. Wanadanganywa sana tu. Nikupe kisa kimoja.

British Museum wana kihifadhi masalia kinachoitwa cha Mwiba Mtakatifu. Dhahabu, enameli, yakuti, lulu, kimo kama sentimita 30, katikati mwiba uliosadikiwa kuwa wa taji la Kristo, na kukizunguka kuna Siku ya Hukumu nzima, wafu wadogo wakitoka makaburini. Kilitengenezwa Paris kuelekea mwaka 1400 kwa ajili ya Jean, mtawala wa Berry. Baadaye kikawa mali ya Wahabsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, Vienna. Baada ya 1860 kikapelekwa kwa fundi aitwaye Salomon Weininger akikarabati. Fundi akatengeneza nakala, akarudisha NAKALA kwenye hazina ya kifalme, akabaki na chenyewe. Wenyewe wakapokea, wakafungia kabatini. Cha kweli kikauzwa, kikafika kwa familia ya Rothschild, na Ferdinand de Rothschild akakiacha kwa British Museum alipofariki 1898. Weininger alikuja kufungwa kwa ughushi mwingine, akafia gerezani 1879, na Vienna wakaendelea kuitunza nakala yake bila kujua.

Kwa hiyo bibi, mimi fundi wa ukarabati nakwambia: ukimpa fundi kitu chako, kipige picha kwanza, hasa kasoro zake.

Mjukuu wa Forodhani

Assalaam aleikum. Ndugu, na misalaba ya pembe? Nimeona mmoja London, Issa amechongwa kwa pembe ya ndovu, muuzaji anasema wa Dieppe, ule mji wa Ufaransa wa wachonga pembe, karne ya 19. Pembe zenyewe si ndiyo zile zilizopita Unguja?

FundiPatasi

Wa aleikum salaam. Pembe moja moja huwezi kuijua ilikopita. Ila Unguja ilikuwa soko kubwa kabisa la pembe karne ya 19, kwa hiyo si wazo la ajabu. Na kabla ya hapo, al-Mas'udi aliandika tangu karne ya 10 kwamba pembe za nchi ya Zanj (pwani yetu ya Afrika Mashariki) zilikuwa zikienda Oman, na kutoka hapo India na China.

Kuitambua: angalia sehemu iliyokatwa kukingama. Pembe ya ndovu ina mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vidoti vidogo vyeusi, ni mishipa ya damu ilikopita. Plastiki ina mistari iliyonyooka mno.

Sheria sasa. Uingereza, Sheria ya Pembe ya 2018 ilianza kutumika tarehe 6 Juni 2022: kuuza ni marufuku isipokuwa misamaha michache, mfano kitu cha kabla ya 1918 chenye ubora wa kipekee kilichopewa cheti, au kitu cha kabla ya 1947 ambacho pembe iko chini ya asilimia 10. Msalaba wa mbao wenye Yesu wa pembe unaweza kupita au usipite kwenye hiyo 10, wanapima ujazo, na lazima usajiliwe. Na usithubutu kuingia nao Tanzania. Pale uwanja wa ndege hakuna atakayekusikiliza habari za Dieppe.

Nyangumi254

Sawa boss, nimerudi kwa mzee. Nyuma ya Barbara ni tambarare, imepigwa randa, mbao ni mwaloni, mikunjo iko sharp sana, hakuna rangi hata chembe. Anataka 1,800.

FundiPatasi

Mgongo uliopigwa randa, mikunjo mikali, mwaloni mtupu: nadhani ni gothiki mamboleo, karne ya 19. Wakati ule makanisa yote ya Ulaya yalitaka kurudi enzi za kati. Ghent kulikuwa na shule ya Mtakatifu Luka, ilianzishwa 1862 na Jean-Baptiste Bethune, kazi yake ilikuwa kufundisha mafundi mtindo huo. Walichonga vizuri mno, na waliuza kama kazi mpya. Anayedanganya ni muuzaji wa leo. Kitu chenyewe ni halali, nami ningekaa nacho nyumbani kwangu kwa furaha, ila si kwa bei ya mwaka 1500. Mpunguze sana, au mwambie alete karatasi.

Kutokuwa na rangi pia si dalili ya uzee. Sanamu nyingi za kale zilipakwa: gundi ya ngozi na chokaa, udongo mwekundu, halafu jani la dhahabu lililosuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ling'ae. Wakusanyaji wa karne ya 19 ndio walioona mbao tupu ni nzuri zaidi wakaziosha kwa magadi. Riemenschneider alikuwa tofauti: altare yake ya Münnerstadt ya 1490 hadi 1492 aliiacha bila rangi, wenyeji hawakuridhika, wakamwita Veit Stoss mwaka 1504 aje aipake.

Mwana-Kivu

Na kama kimeibwa kanisani? Hapa Ubelgiji vinaibwa sana.

FundiPatasi

Swali la maana. Kuna programu ya simu ya Interpol, ID-Art, ipo tangu 2021, unapiga picha inatafuta kwenye orodha ya vilivyoibwa. Kwa Ubelgiji ingia pia BALaT, hazina ya picha ya taasisi ya KIK-IRPA, bure kabisa: makanisa karibu yote yalipigwa picha kitu kwa kitu. Andika jina la mtakatifu na kijiji. Ukikuta Mtakatifu Rochus wako amesimama kwenye kanisa fulani mwaka 1943, mrudishie muuzaji taratibu, kisha piga simu polisi.

Mjukuu wa Forodhani

La mwisho. Nikinunua cha mbao, nataka kukileta nyumbani Unguja. Kibali?

FundiPatasi

Kutoka Umoja wa Ulaya, sanamu yenye zaidi ya miaka 50 na thamani kuzidi euro 50,000 inahitaji leseni ya kuitoa. Lakini kipande kilichong'olewa kwenye jengo la dini lililobomolewa au kuvunjwavunjwa, kikiwa na zaidi ya miaka 100, kinahitaji leseni hata kiwe cha euro 50. Watu wengi hilo hawalijui. Nchi nazo zina sheria zake juu ya hapo, uliza kabla hujafunga boksi.

Kikifika, usikiweke chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa. Mbao inavuta na kuachia unyevu, chokaa na dhahabu haviwezi kuifuata, vinabanduka. Bora chumba cha kawaida chenye hewa, mbali na jua na ukuta wenye chumvi. Miezi ya kwanza weka karatasi nyeusi chini yake. Ukiona unga mpya wa rangi ya malai juu ya karatasi, mdudu yuko hai, kifunge kwenye plastiki mbali na samani zako na unitumie picha.

Ya mgongo, tafadhali.